Msaidizi, wenzake au kubadili shughuli? Kuchagua njia ya kumshirikisha mtoto mwenye mahitaji maalumu shuleni

Tukizungumzia mtoto mwenye mahitaji maalumu shuleni, maswali mengi huelekea kwenye masomo: ataandikaje, atasoma kwa kasi gani, mtihani ataufanyia wapi. Ni maswali ya lazima. Ila siku ya shule ina mengi zaidi ya vipindi vya hesabu na lugha. Kuna mstarini asubuhi, zamu ya usafi, mapumziko, foleni ya chakula, michezo, kwaya, maigizo, safari ya darasa. Humo ndimo urafiki unapozaliwa, na humo ndimo mtoto anapojua kama yumo kweli au yupoyupo tu.

Nitalinganisha njia nne ambazo shule hutumia katika shughuli hizo: kumpa mtoto msaidizi mtu mzima, kuwategemea wanafunzi wenzake, kuibadili shughuli yenyewe, na kumtoa kwa muda afanye jambo lake pembeni. Hakuna njia mbaya kati ya hizi. Kuna njia iliyowekwa pasipo pake, na hilo ndilo linalowaumiza watoto.

Kushiriki ni nini hasa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Wengi wanakijua kifungu chake cha 24 kuhusu elimu. Kifungu cha 30 hutajwa mara chache zaidi, lakini ndicho kinachotaka watoto wenye ulemavu wapate nafasi sawa na wenzao katika kucheza, burudani na michezo, ikiwemo ile ya shuleni. Kwa maneno mengine, mchezo wa mapumziko ni haki. Haupaswi kutolewa kama zawadi siku mwalimu akiwa na nafasi.

Mwaka 2016 kamati inayosimamia mkataba huo ilitofautisha hali nne. Kuna mtoto anayezuiwa kabisa kuingia shule. Kuna anayesomeshwa mbali na wengine. Kuna anayepokelewa katika shule ya kawaida, lakini yeye ndiye anayetakiwa kujikunja mpaka aenee. Na kuna anayepokelewa na shule iliyo tayari kubadilika kwa ajili yake. Shule nyingi zenye nia njema zimekwama kwenye hali ya tatu. Mtoto ana dawati, jina lake limo kwenye daftari la mahudhurio, lakini shughuli inaendelea vilevile awepo asiwepo.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia katika ulinganisho huu ni swali moja: siku mtoto huyu asipokuja shule, kuna pengo gani kwenye shughuli? Kama jibu ni "hakuna", basi hajashirikishwa, hata kama alikuwa amekaa mbele kabisa.

Msaidizi mtu mzima

Hii ndiyo njia ambayo wazazi wengi huiomba kwanza, na sababu zao ni za kweli. Mtoto anayehitaji kusaidiwa chooni, anayelishwa kwa uangalifu kwa sababu anapaliwa kwa urahisi, anayeweza kukimbilia barabarani bila kutambua hatari, au anayepata kifafa mara kwa mara, anahitaji mtu mzima aliyefunzwa. Hapo hakuna mjadala, na shule isiyo na mtu huyo isijaribu kumpachika mwanafunzi mwenzake kazi hiyo.

Tatizo linaanza pale msaidizi anapokuwa jibu la kila kitu. Tazama kikundi cha watoto wanne wakipima joto la maji. Mmoja wao ana mtindio wa ubongo, mikono yake inatetemeka, na kuongea kunamchukua muda. Msaidizi amekaa kati yake na wenzake. Anashika kipimajoto, anasoma namba, anaiandika kwenye daftari la mtoto. Mmoja wa wenzake anamuuliza msaidizi, "Na yeye anataka kukoroga?" Swali limempita mtoto mwenyewe, limekwenda kwa mtu mzima. Jaribio likiisha, daftari lina majibu sahihi na mtoto hajagusa hata kikombe. Kila mmoja pale alikuwa mwema, na bado mtoto alikuwa mtazamaji.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1997 Michael Giangreco na wenzake nchini Marekani walieleza yanayotokea wasaidizi wanapokaa karibu mno na wanafunzi wenye ulemavu: mtoto hutengana na wenzake hata akiwa darasa moja nao, humzoea mtu mzima mpaka asitende bila yeye, na mwalimu wa darasa huanza kumwona kama mwanafunzi wa msaidizi. Utafiti mkubwa wa Peter Blatchford na wenzake katika shule za England na Wales, ulioripotiwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kimasomo kuliko wenzao wa hali inayofanana waliopata msaada mdogo. Sababu moja ni kwamba muda wa kuwa na msaidizi ulichukua nafasi ya muda wa kuwa na mwalimu.

Je, msaidizi aondolewe? Hapana. Abadilishwe mahali anaposimama. Mfano bora niujuao unatoka kwenye bocha, mchezo wa kurusha mipira karibu na mpira mweupe, uliomo kwenye Paralimpiki, mashindano ya dunia ya wanamichezo wenye ulemavu, tangu mwaka 1984. Mchezaji asiyeweza kurusha kwa mkono wala kwa mguu hutumia mfereji wa kuteremshia mpira, na ana msaidizi wa kuusogeza. Lakini kanuni inamtaka msaidizi huyo augeuzie uwanja mgongo na asitazame mchezo. Anasogeza mfereji kushoto au kulia kama alivyoelekezwa, basi. Kupanga, kulenga na kuamua ni kazi ya mchezaji.

Ndiyo picha ninayotaka msaidizi wa shule aibebe kichwani. Mikono yake ni ya kukopeshwa, uamuzi ni wa mtoto. Akae nyuma au upande, asikae katikati. Mwanafunzi akimuuliza yeye kuhusu mtoto, ajibu, "Muulize mwenyewe." Na apangiwe darasa zima, ili mtoto mwingine akikwama pia amwite. Wakati wa mapumziko arudi nyuma zaidi, kwa sababu hakuna watoto wanaosimuliana siri zao mbele ya mtu mzima.

Mkalimani wa lugha ya alama simhesabu katika kundi hili. Yeye ndiye njia ambayo lugha inapita, na mtoto kiziwi anayetumia lugha ya alama akimkosa, amekosa somo zima. Lakini naye ana mpaka wake: mkalimani akienda kunywa chai, mtoto anabaki na kundi la watoto wanaochekelea jambo asilolijua. Dawa ya hapo ni kuwafundisha darasa zima alama, kidogo kila siku, na ikiwezekana watoto viziwi kadhaa wasome pamoja. Mwaka 1880 mkutano wa walimu uliofanyika Milan uliamua kuwa viziwi wafundishwe kwa kutamka badala ya alama, na madhara yake yalidumu vizazi hadi uamuzi huo ulipokataliwa rasmi kwenye mkutano wa Vancouver mwaka 2010. Mtoto kiziwi anahitaji watu wa kuzungumza nao, zaidi ya mtu wa kumtafsiria.

Wanafunzi wenzake

Njia hii haina gharama ya mshahara, na kwa shughuli nyingi ndogondogo ndiyo ya asili zaidi. Mtoto mwenye uoni hafifu akienda maktaba na rafiki yake, wanakwenda watoto wawili. Akienda na mtu mzima, anapelekwa. Tofauti hiyo watoto wanaiona mara moja.

Inaharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kumchagua msichana mmoja mtulivu na kumfanya mlezi mwaka mzima. Anakosa mapumziko yake, anachoka, na mwishowe anamchukia mwenzake bila kosa la yeyote. Zamu zibadilike, na ziwe za wavulana na wasichana sawasawa. Ya pili ni msaada wa upande mmoja. Mtoto anayesaidiwa kila siku na hasaidii kamwe, darasa litamzoea kama mzigo hata kama hakuna anayelitamka neno hilo. Mwenye kiti mwendo anaweza kuwa ndiye hodari wa hesabu anayewaelekeza wengine, na mwenye ulemavu wa akili anaweza kuwa ndiye anayewapokea wageni mlangoni kwa uchangamfu kuliko wote. Zamu yake iandikwe kwenye orodha ileile na ya wengine.

Wenzake pia wafundishwe namna ya kusaidia, maana huruma peke yake haitoshi. Kiti mwendo hakisukumwi bila kuuliza, kwa kuwa kwa mwenyewe ni sawa na kushikwa mwili. Asiyeona havutwi mkono: mpe kiwiko chako akishike, utangulie nusu hatua, na umwambie mapema kuna ngazi. Anayesoma midomo anatazamwa usoni, na hapigiwi kelele. Mwenye kigugumizi anasubiriwa amalize, bila kumaliziwa sentensi. Darasa lenye mtoto wa kifafa lijue kuwa akianguka, vitu vigumu viondolewe karibu naye, awekewe kitu laini chini ya kichwa, asibanwe kwa nguvu, asitiwe chochote mdomoni, na mmoja akimbie kumwita mtu mzima. Mtukutiko ukikoma, mtu mzima amlaze kwa ubavu. Ukizidi dakika 5, ni dharura ya hospitali. Watoto wanaojua hivi hawaogopi, na asiyeogopa hamkimbii mwenzake.

Kubadili shughuli yenyewe

Hapa ndipo ninapotaka shule zianzie, na mara nyingi ndipo zinapomalizia.

Chukua kipindi cha michezo. Mtoto mwenye kiti mwendo hupewa kazi ya kuhesabu magoli au kushika filimbi. Mara moja si vibaya, kila mtoto ana siku ya kuwa refa. Lakini akiwa mhesabu magoli muhula mzima, ameondolewa mchezoni kwa heshima, na yeye anafahamu hivyo kuliko yeyote. Swali la mwalimu huwa "nitampa kazi gani huyu?" Nashauri aulize "nibadili nini ili acheze?"

Cha kubadili hakikosekani: kanuni, uwanja, kifaa, muda, idadi ya wachezaji. Michezo ya watu wenye ulemavu imetuonyesha njia muda mrefu. Katika tenisi ya viti mwendo, mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili badala ya moja, na kanuni hiyo pekee imeufungua mchezo mzima. Katika mpira wa wavu wa kuketi wachezaji wote wako chini, uwanja ni mita 10 kwa 6, na wavu uko mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Golboli ilibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofushwa na vita: mpira una njuga ndani, mistari ya uwanja ina kamba chini yake ili ipapaswe kwa mkono, na wachezaji wote hufunikwa macho. Kipengele hicho cha mwisho ndicho muhimu kwa darasa. Wote wakifungwa vitambaa machoni, aliyezaliwa haoni huwa ndiye mwenye uzoefu, na wenzake ndio wanaomuuliza amejuaje mpira ulipo.

Darasa halihitaji vifaa vya mashindano. Funga mpira ndani ya mfuko wa plastiki unaochakarisha, tayari unasikika. Ketisha wote sakafuni na ufunge kamba, tayari ni mpira wa wavu. Katika mbio za kupokezana, umbali anaokimbia kila mmoja usilingane, ili anayekwenda polepole apewe kipande kifupi na kundi lake bado lipiganie ushindi. Angalizo moja la usalama: baadhi ya watoto wenye hali ya kuzaliwa iitwayo Down (Down syndrome) wana ulegevu kwenye pingili za juu za shingo, kwa hiyo sarakasi za kubingirika kwa kichwa zisubiri neno la daktari.

Mstarini asubuhi ni shughuli nyingine ambayo hubadilika kwa urahisi kuliko inavyodhaniwa. Kwa mtoto mwenye usonji (autism), kelele za mamia ya watoto, kengele ya ghafla na kusimama bila kujua lini kutaisha vinaweza kuivuruga siku kabla haijaanza. Mwekeni mwisho wa mstari, penye upenyo, asibanwe kati. Mpeni ratiba ya picha: wimbo, matangazo, kwenda darasani. Mwambieni kabla kengele haijalia. Akitaka kuziba masikio kwa vifuniko, aruhusiwe. Akishindwa kusimama muda wote, aje dakika za mwisho, na wiki zikienda zile dakika ziongezwe taratibu. Anayedhani kuwa huu ni upendeleo asimame karibu naye siku moja amtazame usoni kengele inapolia.

Darasani mabadiliko makubwa huwa ni ya ulimi wa mwalimu. "Chukua hii, zidisha na ile, halafu peleka huku." Kwa asiyeona, sentensi hiyo haina kitu. "Chukua 6, zidisha na 4, andika jibu upande wa kulia" inamfaa yeye na inawafaa wote, hata aliyekaa nyuma na anayenakili polepole. Vivyo hivyo kuongea ukiwa umeelekea ubaoni: aliyevaa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, na anayesoma midomo wamekupoteza, na nusu ya darasa pia. Anayesoma nukta nundu, maandishi ya kupapasa kwa vidole, apewe maandishi mapema, kwa sababu kuyaandaa huchukua muda na hujaza kurasa nyingi. Igizo lenye mhusika asiyezungumza lisiwe ndilo pekee linalopewa mtoto asiyetamka maneno. Kama ana ubao wa picha wa kuwasiliana, mstari wake katika igizo usemwe kwa ubao huo.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja: inamtaka mwalimu afikiri kabla, na mwalimu mwenye darasa kubwa na vipindi mfululizo hana muda huo wa ziada. Nalisema bila kumlaumu. Ndiyo maana mabadiliko yasifanywe na mtu mmoja. Walimu wa darasa moja wakikaa pamoja, wakachagua shughuli moja kila wiki ya kuirekebisha, hawaanzi upya tena muhula ujao.

Kumtoa pembeni kwa muda

Njia hii inasemwa vibaya kupita inavyostahili. Kujifunza nukta nundu, kutembea kwa fimbo nyeupe, mazoezi ya viungo, tiba ya usemi: haya yanahitaji utulivu na mtaalamu, na mtoto ana haki nayo. Pia kuna mtoto ambaye kelele zimemzidi na anahitaji chumba kimya dakika chache ili aweze kurudi.

Cha kuuliza ni anatolewa kutoka wapi. Ratiba nyingi humtoa kwenye michezo, sanaa au muziki kwa sababu hayo "hayatahiniwi". Ndiyo saa pekee ambazo angekuwa sawa na wenzake, au hata kuwazidi. Kisha anarudi katikati ya kipindi kinachofuata, hajui wamefikia wapi, na anabaki nyuma kwa sababu iliyotengenezwa na ratiba. Kama ni lazima atoke, saa ijulikane, lengo liandikwe, na tarehe ya kupitia upya uamuzi iwekwe. Na ile kona ya utulivu isitumike kamwe kama adhabu. Mtoto akishapelekwa huko kwa kosa, hatakwenda tena kwa hiari siku atakapoihitaji.

Basi uchague ipi

Kwa haja za mwili na hatari ya maisha, anza na msaidizi aliyefunzwa. Kwa mengine yote, anza kwa kuibadili shughuli, ongeza wenzake, kisha mtu mzima pale tu panapobaki pengo, na kumtoa kuwe kwa ujuzi maalumu au kwa pumziko. Nimeona mpangilio huu ukigeuzwa mara nyingi: mtu mzima kwanza, na shughuli haiguswi kabisa. Ni rahisi zaidi kwa shule, lakini unamwachia mtoto kazi yote ya kubadilika.

Njia hizi huchanganyika ndani ya siku moja. Mtoto yuleyule anaweza kuhitaji mtu mzima chooni, rafiki kwenye foleni ya chakula, kanuni mpya kwenye michezo, na asihitaji chochote kwenye kwaya. Kwa hiyo usichague njia moja kwa ajili ya mtoto, chagua kwa kila shughuli. Mzazi anayekwenda kuzungumza na shule atafanikiwa zaidi akipitia siku nzima tangu kengele ya asubuhi na kuuliza kila mahali, "Hapa kazi yake ni ipi?" kuliko akiomba tu msaidizi.

Naye mtoto aulizwe. Asiyetamka anaweza kuonyesha picha, kukubali kwa macho, au kukataa kwa kugeuza uso, na kukataa nako ni jibu. Kuna mtoto atakayesema hataki rafiki wa zamu, anataka kukaa na fulani. Kuna atakayesema msaidizi asimfuate uwanjani. Wengine watataka kujaribu jambo ambalo watu wazima wameshaamua kuwa ni gumu kwao, na mara nyingi kinachohitajika ni kuwaachia wajaribu mtu mzima akiwa karibu.

Safari ya darasa iwe jaribio lenu la kwanza, kwa sababu inayafichua yote kwa siku moja. Kabla ya kupanga, jueni kama gari linapandika, kama choo cha huko kinaingiza kiti mwendo, dawa zitabebwa na nani, na mtoto atakaa na nani njiani. Mkikuta mahali hapafikiki, badilisheni mahali. Na kama barua kwa wazazi tayari imeandika kuwa mzazi wa mtoto mmoja tu lazima aongozane naye ndipo aruhusiwe kwenda, irudisheni ikaandikwe upya kabla haijasambazwa.